Toleo la Jumatano

"Tuanze upya," Inspekta alisema.

"Tuanze, afande. Mimi sina haraka," Shemeji alijibu.

Ni kweli hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote. Mtu asiye na haraka ndani ya chumba cha mahojiano, ama hajui kilichomkuta, ama anajua atatoka saa ngapi. Huyu alijua. Wakili wake alikuwa amemnong'oneza asubuhi: saa kumi alasiri, kama polisi hawajaweka kitu cha maana mezani kwa Mkuu wa kituo, mlango unafunguliwa.

Na kitu cha maana hakikuwepo. Kilichokuwepo ni maiti, nayo ilikuwa imeshazikwa jana. Ijumaa alasiri fundi kompyuta mmoja alikutwa amekufa kwenye karakana yake, ameangukia meza ya kazi, kisogo kimepasuliwa kwa kitu kizito ambacho mpaka leo Jumatatu hakijaonekana. Hakuna kilichoibwa. Kompyuta aliyokuwa akiitumia ilikuwa bado inawaka. Mtu pekee aliyejulikana kugombana naye ni huyu hapa, mume wa dada yake, ambaye pale karakana kila mtu alimwita Shemeji, kompyuta yenyewe ikiwemo.

"Ijumaa alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala, kichwa kinaniuma."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu. Muulizeni."

Inspekta hakuwa na hamu ya kumuuliza. Mwanamke mwenyewe alikuwa amefiwa, na tangu aanze kazi hii Inspekta alikuwa hajakutana na mke aliyesahau kwamba mumewe alikuwa nyumbani.

Koplo, mwanamama mpana aliyekaa kando na kalamu yake, alikohoa. Alipokohoa hivyo alimaanisha: nenda kwenye ugomvi.

"Mama Cherehani wa mlango wa pili anasema wiki iliyopita mligombana mpaka akasimamisha mashine yake asikilize."

"Mama Cherehani anasikia vipande, vilivyobaki anashona mwenyewe."

"Alimsikia Fundi akikwambia una mke mwingine huko unakosafiri kikazi. Kwamba ameona picha za harusi kwenye kompyuta uliyompelekea aitengeneze, na amezihifadhi kwake. Akakupa mpaka Jumamosi umwambie dada yake, usipomwambia atamwambia yeye. Jumamosi hakuifikia."

"Hizo picha mmeziona?"

Hawakuziona. Mtaalamu wa kompyuta wa idara aliichomoa diski ya Fundi Jumamosi, akainakili, akatafuta picha asizipate, akatoa orodha ya kila mara kompyuta ile ilipofunguliwa na kidole cha nani kiliifungua, akaipanga vizuri kwa tarehe, akairudisha diski mahali pake na kwenda likizo. Likizo yenyewe ni ya harusi yake, kwa hiyo simu hapokei.

Orodha ile ilikuwa mezani, imefunikwa. Inspekta alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hufanya mambo ya ajabu. Badala ya kumwacha Shemeji aongee, akaigeuza karatasi na kumsogezea.

"Kidole chako kiliifungua kompyuta ya Fundi Jumapili ya mwanzo wa mwezi, alasiri. Baada ya hapo ni Fundi mwenyewe tu, siku baada ya siku, mpaka Alhamisi. Ijumaa hakuna mtu. Nataka kujua Jumapili ile ulifuata nini."

Shemeji aliisoma karatasi. Aliisoma polepole, muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyostahili. Kisha mabega yake yakashuka kidogo.

"Jumapili," alisema. "Ndiyo, sasa nimekumbuka. Nilipita kumsalimia. Alikuwa na ule mfumo wake wa majaribio, akaniambia weka kidole uone maajabu. Nikaweka, ikanisalimia. 'Karibu tena, Shemeji.' Kwa sauti, afande, sauti ya mwanamke kabisa. Nilishtuka nikataka kuangalia nyuma yangu."

"Halafu?"

"Halafu tukacheka, nikaondoka. Ndiyo mara ya mwisho kuigusa."

Koplo aliandika. Inspekta alikusanya karatasi yake akijua amefanya upuuzi, ila hakujua ni upuuzi wa ukubwa gani.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa dada wa marehemu, mke wa Shemeji, na mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake mlikuwa na shati lililopigwa pasi. Alisimama Inspekta alipopita.

"Mmemalizana naye, afande?"

"Bado, dada."

"Kaka yangu nimemzika jana. Mume wangu nirudishieni leo." Hakulalamika, alisema tu, kama mtu anayedai chenji yake. "Amepata kazi mji mwingine. Basi linaondoka jioni, na mimi naondoka naye. Sina tena wa kunibakiza hapa."

Kama Shemeji alikuwa amemuua Fundi, mwanamke huyu leo jioni angepanda basi na muuaji wa kaka yake, akamlalia begani njia nzima. Na kama hakumuua, basi yeye Inspekta alikuwa amemfungia mfiwa mumewe siku tatu kwa umbea wa mshonaji. Hakuna kati ya hayo mawili lililompa hamu ya kula mchana.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba kimoja chenye rafu mpaka darini. Kompyuta zilizokufa zilipangwa upande mmoja, zinazokaribia kufa upande wa pili, na katikati ya meza, peke yake, ilikaa ile moja.

"Hiyo hakuwa anatengenezea watu," Mama Cherehani alieleza, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. "Hiyo ya kujaribia."

Kwa wasiojua, na Inspekta alikuwa mmoja wao mpaka Jumamosi, kompyuta haiwezi kufanya lolote bila mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha na kuziendesha programu nyingine zote. Kampuni inayoutengeneza mfumo huo haiutoi kwa umma moja kwa moja. Kwanza huwapa watu wachache wa kujitolea matoleo ya awali, mabichi, yaliyojaa kasoro, ili wao ndio waumie. Fundi alikuwa mmoja wa watu hao. Kila toleo jipya likitoka aliliweka humo, akalitesa, nalo likamtesa, kisha akaiandikia kampuni kila hitilafu aliyoiona.

"Ulikuwa unalipwa nini kwa hiyo kazi, Fundi wa watu?" Koplo aliiuliza meza.

"Alikuwa anapenda tu," Mama Cherehani alisema. "Na vidole vyetu vyote vimo. Alisema anajaribu kama inawatambua watu wa kila namna. Mimi nina vidole vya sindano, vimechubuka vyote, akafurahi sana. Mimi akaniandika Jirani, dada yake Dada, yule mwingine Shemeji. Ukoo mzima."

"Basi tufungulie."

Mama Cherehani alifuta kidole gumba kwenye gauni na kukibandika. Kioo kikawaka.

"Karibu tena, Jirani," ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani ya kompyuta.

"Yesu na Maria," Mama Cherehani alisema, akarudi nyuma hatua nzima. "Siku hizi inaongea? Mimi nikiweka kidole ilikuwa inanionyesha ua tu."

Inspekta hakumsikiliza. Alikuwa ameshakaa kitini, ameshika kipanya, na kipanya kilikuwa kimeshaganda. Akakitikisa. Kishale kikaruka mpaka pembeni ya kioo na kubaki huko kikitetemeka. Akabonyeza faili la kwanza, likafunguka la tatu. Akalifunga la tatu, kioo kizima kikawa bluu, kikazima, kikawaka, na kumwomba kidole upya.

"Karibu tena, Jirani."

Safari hii alifika hadi kwenye kumbukumbu kabla herufi zote hazijageuka alama za kuuliza. Safari ya tatu akapata herufi ila akakosa kipanya. Safari ya nne mashine iliamua kujisomea yenyewe, kwa sauti, jina la kila faili lililokuwamo, na haikunyamaza mpaka Koplo alipochomoa waya wa spika.

"Mtu mwenye akili timamu anakaa na kitu hiki kwa hiari yake?" Inspekta aliuliza.

"Na Ijumaa ndiyo ilimtoa roho kabisa," Mama Cherehani alisema, kisha akasikia alichokisema, akajiziba mdomo. "Namaanisha ilimkera. Tangu nafungua mlango asubuhi nilimsikia anaitukana. Fundi akiitukana kompyuta ujue kazi inaendelea."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa hii. Siku aliyokufa. Nilimwacha anaitukana nikaenda kupeleka nguo kwa mteja, nikarudi nikamkuta hivyo."

Inspekta alitoa orodha mfukoni na kuikunjua. "Orodha hii inasema Ijumaa kompyuta haikufunguliwa kabisa. Si na Fundi wala na mtu yeyote."

"Basi orodha yenu siku hiyo haikuja kazini."

"Mama, huenda unachanganya siku."

"Mimi?" Mama Cherehani aliishika futi yake kwa mikono miwili. "Mimi ninayekumbuka kiuno cha kila mwanamke wa mtaa huu tangu hajazaa, ndiye nichanganye Ijumaa?"

Inspekta hakubishana naye. Shahidi aliyechanganya siku kwa hili angekuwa amechanganya na kwa lile. Wakili angemshika hapohapo: kama Ijumaa ya matusi haikuwepo, ugomvi ulikuwepo? Huyo mke wa pili je? Kesi nzima ilikuwa imening'inia kwenye sikio la mwanamke mmoja, na mashine ilikuwa imeshasema mwanamke huyo hasikii vizuri.

Simu ikalia. Mkuu.

"Umepata nini?"

"Bado natafuta, mkuu."

"Tafuta haraka. Wakili ameshafika, amekaa ofisini kwangu anakunywa chai yangu."

Inspekta alirudi kwenye kioo kwa hasira. Kidole cha Mama Cherehani kikaombwa tena, kikatolewa tena. Safari hii kila kitu kilitulia, na katika utulivu huo jicho lake likaangukia pembe ya chini ya kioo, palipoandikwa saa na tarehe. Saa ilikuwa sahihi. Tarehe ilikuwa ya mwanzo wa mwezi, na mwezi wenyewe ulikuwa unaelekea ukingoni.

"Hata leo ni lini haijui," alisema. "Kasoro juu ya kasoro."

Yeye alikuwa mtu asiyeweza kukaa kwenye chumba chenye saa inayokosea. Kwa wakwe zake alishawahi kupanda juu ya kiti katikati ya maongezi ya mahari akarekebishe ya ukutani. Akafungua mahali pa tarehe, akaandika ya leo, akabonyeza Kubali.

Kioo kikawa cheusi. Katikati yake yakatokea maandishi meupe, nadhifu kuliko chochote mashine ile ilichokuwa imekionyesha tangu asubuhi: Muda wa kutumia toleo hili umekwisha. Asante kwa kushiriki majaribio. Kompyuta itazimwa.

Ikazimwa. Walipoiwasha ikaleta maandishi yaleyale na kuzimika tena. Kidole cha Mama Cherehani haikukitaka.

Walitazamana watatu.

"Umeiua, afande," Koplo alisema kwa upole.

Inspekta alitoka nje akasimama barazani. Alikuwa na hamu ya kupiga kitu teke, ila barazani palikuwa na kopo la rangi tupu tu, na alishaona watu wakivunjika vidole vya miguu kwa makopo matupu. Ushahidi pekee wa maana wa idara alikuwa ameufunga kwa mkono wake kwa sababu hapendi tarehe isiyo sahihi. Alijisikia mjinga, na si mjinga kidogo.

*

Namba ya kampuni ilikuwa imebandikwa chini ya meza. Alipoipiga, ilimpigia muziki. Muziki uliisha ukaanza upya mara nyingi, na kila ulipoanza upya sauti ilimhakikishia kwamba simu yake ni muhimu. Koplo alishakula maandazi yake yote mawili alipopokea mtu.

"Mimi ndiye msimamizi wa majaribio," mwanamke alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na walioharibu vitu kutwa nzima.

Inspekta alijitambulisha, akaeleza kwamba Fundi amekufa, akapokea pole, kisha akaeleza aibu yake ya tarehe.

"Uliweka tarehe ya leo?" Msimamizi aliuliza. "Aa. Ndiyo maana. Iwashe, ukishika kitufe cha juu kushoto, utaona mahali pa tarehe. Irudishe nyuma. Itafunguka."

"Irudi nyuma kwa nini? Ilikuwa imekosea."

"Haikukosea, afande. Ilirudishwa." Alishusha pumzi. "Kila toleo la majaribio tunalipa umri mfupi, watu wasije wakang'ang'ania la zamani lenye kasoro. Umri ukiisha linajifunga, unaweka jipya. Sasa wajaribu wetu, jipya likiwa baya kuliko la zamani, wanachofanya ni kurudisha tarehe ya kompyuta nyuma. Mashine inadhani bado ni kijana. Hairuhusiwi, na wote wanafanya. Wengine wanairudisha nyuma kabisa ili wasisumbuke tena kwa muda mrefu."

Inspekta aliacha kutembeatembea.

"Na Fundi?"

"Fundi ndiye mwalimu wao. Toleo jipya lilikuwa linamharibia printa, akakataa katakata kuliweka. Alibaki na lililotangulia, tunaliita toleo la Jumatano kwa sababu lilitoka Jumatano. Ndilo hilo unalopigana nalo."

"Jumatano ipi?"

"Ile baada ya Jumapili ya mwanzo wa mwezi. Umri wake uliisha Alhamisi hii iliyopita, usiku."

"Na hiyo sauti? Hiyo inayosema karibu tena?"

"Hiyo sauti ndiyo iliyotuchelewesha kulitoa. Imeanza na toleo hilo. Kabla yake mtu akiweka kidole alikuwa anaona ua."

Inspekta alimgeukia Mama Cherehani aliyekuwa mlangoni, akamtazama kwa heshima ambayo asubuhi hakuwa nayo. Kisha akakaa kwenye kiti cha Fundi.

Mtu hawezi kukaribishwa na sauti ambayo haijatengenezwa. Jumapili ile toleo lenye sauti lilikuwa halijatoka, halijamfikia Fundi wala mtu mwingine yeyote. Shemeji aliisikia, ila si Jumapili.

"Dada," alisema kwenye simu, "unaweza kujua ni siku gani Fundi alirudisha tarehe?"

"Naweza, na nilimtania kwa hilo. Taarifa yake ya mwisho ya hitilafu ilitufikia Ijumaa asubuhi. Kwetu imepokelewa Ijumaa, lakini yenyewe inajitaja ni ya Jumapili, ya mwanzo wa mwezi. Nikamjibu kwamba naona ameamua kuwa kijana. Hakunijibu. Nilidhani amenuna."

Inspekta alimshukuru, akaomba atumiwe taarifa ile kwa maandishi, akakata simu. Alieleza kwa Koplo polepole, kwa sababu alitaka ayasikie na yeye mwenyewe.

"Ijumaa asubuhi Fundi anawasha mashine, toleo limekufa. Anaitukana, Mama anamsikia. Anairudisha tarehe mpaka Jumapili ile, mashine inafunguka, anaendelea na kazi. Kuanzia hapo kila kinachotokea Ijumaa kinaandikwa Jumapili. Alasiri anakuja Shemeji. Baada ya kufanya alichofanya, anaweka kidole chake afute picha za harusi. Mashine inaandika: Shemeji, Jumapili, alasiri."

"Na mtaalamu wetu akaipanga orodha vizuri kwa tarehe," Koplo alisema.

"Akaipeleka Ijumaa nzima mwanzo wa mwezi. Na mimi nikachukua karatasi nikampa Shemeji mkononi. Alikuwa hajui afanye nini na kidole chake, mimi nikampa siku ya kukiweka."

Koplo aliikunja orodha na kumrudishia.

Mkuu, alipopigiwa, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni hadithi nzuri," alisema. "Sasa msikilize wakili. Mashine hiyo inaganda, inabwabwaja, inageuza herufi kuwa maswali, na tarehe yake ni ya uongo. Ndiyo mnayoiamini? Mteja wangu alichanganya sauti na ua. Jumapili alikwenda karakana kweli, akaweka kidole kweli, basi. Utamjibu nini?"

"Kwamba Jumapili hakwenda."

"Nani atasema hivyo? Fundi?"

Inspekta alitazama saa ya mkononi mwake. Ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu.

"Yupo mmoja," alisema, na hakupenda alivyosikika.

*

Koplo aliendesha mbio. Walipofika kituoni akazima gari, ila hakushuka.

"Atamtetea, afande. Atasema chochote."

"Najua."

"Ukimwambia kwanza unachotafuta, atakwambia usichokitaka."

"Simwambii kwanza."

Dada wa marehemu alikuwa palepale kwenye benchi, mfuko mapajani, shati limeanza kukunjamana. Inspekta alikaa kando yake badala ya kumsimamia. Mwanamke alijinyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu ya msiba, lakini kidevu kilikuwa juu, na Inspekta alitambua kwamba alikuwa amelisubiri swali tangu asubuhi na jibu lake alikuwa nalo mdomoni.

"Dada, nina swali moja."

"Uliza."

"Jumapili ya mwanzo wa mwezi, alasiri. Mume wako alikuwa wapi?"

Alipepesa macho. Alikuwa amejiandaa na mlango mmoja, akabishiwa hodi mlango mwingine.

"Jumapili?"

"Ile ya mwanzo wa mwezi."

Akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amjue, uso wake ukalegea, karibu atabasamu.

"Hiyo mbona rahisi. Alikuwa nyumbani, na shahidi siyo mimi peke yangu. Nilikuwa nimeteguka mguu bafuni, siwezi hata kukanyaga. Kaka akaja kunipa pole. Wakaniambia nisinyanyuke, leo wanapika wao. Wanaume wawili jikoni, afande, chakula kikaungua, wakapika kingine nacho kikaungua. Tulikula mkate. Mpaka giza linaingia hakuna aliyetoka mlangoni." Alikuwa ameshatoa simu kwenye mkoba. "Nina picha. Niliwapiga bila wao kujua. Ngoja."

Akamwonyesha. Jiko dogo, moshi, wanaume wawili wamefunga kanga viunoni. Fundi ameshika mwiko juu kama anayehutubia. Shemeji amejikunja kwa kicheko, mkono begani kwa Fundi. Chini ya picha, siku na saa: Jumapili, alasiri, wakati uleule wa kwenye orodha.

"Nyingine zipo," alisema. "Chukua zote ukamwonyeshe mkubwa wako. Mtazame hapo. Huyo ni mtu wa kumuua kaka yangu?"

Inspekta aliichukua simu. Angeweza kumshukuru, akaondoka nayo, akamwachia Koplo mzigo wa kumweleza. Alilifikiria hilo kwa dhati.

"Dada," alisema, "mume wako ameniambia kwa mdomo wake kwamba Jumapili ile, saa hiyo, alikuwa karakana na kaka yako."

"Amesahau. Amechanganyikiwa, afande, na nyinyi mmemkalisha humo—"

"Kidole chake kiliifungua kompyuta. Hilo ni kweli, hata yeye anakubali. Ila mashine ilikuwa na tarehe ya uongo, kaka yako aliirudisha nyuma. Nilikuwa nahitaji mtu wa kuniambia kama Jumapili ile alikwenda."

"Hakwenda."

"Nimekusikia."

"Kwa hiyo alikwenda lini?"

Inspekta hakumjibu haraka, na kuchelewa kwake kukawa ndilo jibu. Mwanamke aliiangalia picha iliyokuwa bado inawaka mkononi mwa Inspekta. Mlango wa ofisi ya Mkuu ulifunguliwa, wakili akachungulia akitazama saa yake. Koplo alimfuata, akamrudisha ndani, akafunga mlango.

Dada hakulia. Alikuwa amelia kwa siku tatu, na sasa alionekana tu kama mtu aliyesimamishwa kwenye mtaa asioujua.

"Ungeniuliza habari ya Ijumaa," alisema, "ningekudanganya."